Jagi, Beseni na Fundi Aliyerukwa

Bwana Yesu asifiwe. Nimepewa nusu saa, na Mchungaji ananijua, ndiyo maana kavua saa yake akaiweka hapa mezani. Haya.

Mada imeandikwa "Kulea watoto wawe viongozi watumishi". Mlionisikia mwaka jana mnajua nitaanza na jagi. Naanza na jagi.

Nyumbani kwangu mgeni hainuki kwenda bombani. Mtoto anakuja na jagi mkono huu, beseni mkono huu, taulo begani, anainama: "Karibu kunawa." Anaanza na mkubwa. Mwanangu wa mwisho, akiwa na miaka tisa, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Maji vuguvugu, hata tone haliangukii mkekani. Jumamosi moja tulikuwa na mchungaji, wazee wa kanisa wawili, na mwisho kabisa wa mkeka kakaa fundi aliyekuwa anatuzibia bati linalovuja. Nilimwambia usiondoke na njaa, kuna wali wa nazi na changu wa kupaka.

Mtoto kamnawisha mchungaji. Mzee wa kwanza, wa pili, baba yake. Alipomfikia fundi akageuka, akaenda kumwaga maji. Fundi akanyanyuka kimya kwenda bombani, mikono ina lami. Na mimi? Mimi nilikuwa nawasimulia wageni jinsi mtoto huyu alivyoshika Zaburi ya 23 yote kwa kichwa.

Usiku nikamwita. Mbona umemruka fundi? Nimeshajiandaa kuhubiri. Akanijibu, wala si kwa kiburi: "Mama, si na wewe chai yake unamtilia kwenye kile kikombe cha bati?"

Mnacheka. Nani hapa hana kikombe hicho nyumbani kwake, kile kinachotundikwa kwenye msumari nje ya jiko, cha fundi na muuza mkaa? Nyoosha mkono. Naona wawili, na mmoja wao chai ya kwake nimekunywa. Tutaongea.

Yohana 13, pale Bwana alipowaosha wanafunzi wake miguu, siisomi, mnaijua. Nauliza tu: Yuda alikuwepo au hakuwepo? Alikuwepo. Na imeandikwa kwamba Bwana alimjua atakayemsaliti. Beseni likampita? Halikumpita.

Sasa kuna baba pale nyuma anasema moyoni, Mwalimu, wangu yuko darasa la saba, ana tuisheni mpaka saa moja usiku, na dada wa kazi tunamlipa. Sawa. Kuwanawisha watu sita ni dakika nne, nimepima. Katuni anazotazama ni saa nzima na hujasema zinaharibu mtihani. Na huyo dada, katika mshahara wake mmeweka na fungu la kuitwa "we dada, maji!" na mtoto wa miaka sita? Huyo mtoto akija kuwa mkuu wa wilaya, mwananchi atamwita vivyo hivyo. Mwingine ananiambia, lakini wangu ni wa kiume. Na Yesu je? Taulo alijifunga mwenyewe kiunoni.

Halafu sisi wa Bagamoyo hatuna hata udhuru. Tunawapeleka watoto Misheni, tunawaonyesha mnara, hapa ndipo ulipolazwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, Februari 1874, piga picha, soda, turudi nyumbani. Nani aliyemleta? Susi na Chuma na wenzao, watumishi. Bwana wao kafa Mei 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo. Hakuna wa kuwaamuru tena. Wangegawana mizigo kila mtu akashika njia yake. Wakambeba karibu miezi tisa. Tabora wakamkuta ofisa wa Kiingereza, Cameron, akawashauri wamzike huko huko. Wakakataa. Hapo kiongozi ni nani? Muulize mwanao mkiwa chini ya mnara ule, ajibu kwanza, ndipo umnunulie hiyo soda.

Mchungaji ananionyesha saa. Nilikuwa na la kuomba radhi mbele ya watoto. Mimi wangu nilimwomba, na fundi nilimfuata mpaka kwake, hadithi ndefu. Kikombe sasa nachotea unga. La sadaka ya watoto nimelikata. La mama yao wana wa Zebedayo, aliyekwenda kuwaombea wanawe viti, liko Mathayo 20, kasomeni wenyewe. Akina mama tusome mara mbili.

Chakula kiko tayari. Pale mlangoni kuna majagi manne na mabeseni yake. Leo watoto wakae. Wanaonawisha ni wazee wa kanisa, na mtaanza na yule kijana wa bodaboda aliyeleta kreti za soda, bado yuko nje anasubiri hela yake. Mwiteni ndani.

Mzee wangu, jagi hilo hapo. Taulo liweke begani.