Sheria na Siasa katika Shahada Moja: Mhadhara kwa Wanafunzi na Wazazi, Mombasa

Walimu wangu, wazazi, na nyinyi vijana mnaosubiri kujaza fomu za vyuo, masalkheri. Nimeombwa nizungumzie shahada inayounganisha sheria na siasa, na waandaaji wamenidokeza kwamba baadhi ya wazazi wanashuku kuwa ni njia ya kijana kuyakwepa masomo magumu ya sheria huku akijiita mwanasheria. Jibu langu nalitoa mapema. Ni shahada ya kweli, na kwa mtoto wa Pwani ina faida ambayo mtu wa kwingine huenda asiione upesi, kwa kuwa mambo yaliyotusumbua hapa kwa zaidi ya miaka 100 hayasomeki kwa sheria peke yake, wala kwa siasa peke yake.

Tuanze na nyumba za Majengo, mtaa wa hapa Mombasa. Wengi wenu mnazijua nyumba za Kiswahili zenye ukumbi wa katikati na vyumba huku na huku, ambazo nyanya aliijenga mojawapo kwa jasho lake, naye hadi leo hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Utaratibu huu wa nyumba bila ardhi sisi tumeuzoea hata hatuuoni. Mjukuu wa nyanya huyo akiingia darasa la sheria ya mali, atafundishwa kanuni iliyotoka Uingereza kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Basi nyumba ni ya nani? Mwalimu wa sheria atampa kesi za kusoma, masharti ya upangaji na kanuni za ilani ya kuhama, na hayo yote ni lazima ayajue, maana siku mwenye kiwanja atakapoleta barua ya wakili hakuna atakayemwokoa nyanya kwa hotuba. Lakini kwa nini kiwanja kikawa cha yule na si cha huyu, hilo halimo katika barua wala katika kesi.

Limo katika historia ya utawala. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa Pwani, ambao wakati huo ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Uingereza. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa alete dai lake lithibitishwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo ilivyokuwa. Waliojua maandishi na njia za ofisi walipata hati, ilhali madai ya pamoja ya jamii za Wamijikenda hayakupata nafasi ya maana. Serikali ilitaka hati safi ili ardhi iweze kuuzwa na kukodishwa kwa wawekezaji wa mashamba makubwa. Mwanafunzi wa sheria anaisoma sheria ile na kuona utaratibu, na mwenzake wa siasa anaona nani aliyeandika utaratibu huo na kwa manufaa ya nani. Maskwota wa leo, yaani wanaoishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake, wametokana na hayo mawili kwa pamoja.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2019 mamlaka za bandari na ushuru ziliamuru kwamba makontena ya shehena iendayo Nairobi na bara yasafirishwe kwa reli ya SGR, ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Reli ilikuwa imejengwa kwa mkopo mkubwa wa China na ilihitaji mizigo ili ilipe. Mkiyajua maeneo ya Changamwe, Miritini na Mariakani, mnajua amri ile ilimaanisha nini: malori yaliegeshwa, bohari za makontena zikapwaya, na hasara ikamfikia hata fundi wa magurudumu na mama anayewapikia madereva. Watu waliandamana, na wengine wakaenda mahakamani. Mwezi Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaibatilisha amri hiyo, kwa sababu waliohusika hawakushirikishwa kama Katiba ya 2010 inavyotaka.

Mwanasheria mtupu angesimama hapo na kushangilia. Hata hivyo, bandari haikurudi ilivyokuwa kesho yake. Suala liliendelea kuzungumzwa hadi kampeni za uchaguzi, na tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto alitangaza kwamba shughuli za kuondoa mizigo bandarini zinarudi Mombasa. Sasa niambieni, ushindi ulikuwa wa mahakama au wa kura? Mimi naamini kila upande ulimhitaji mwenzake, kwani hukumu iliyapa madai ya wananchi uhalali, na kura ikaipa hukumu nguvu ya kutendeka. Kesi ya uchaguzi wa rais wa 2017 inafundisha jambo la aina hiyo hiyo: Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi tarehe 1 Septemba, ule wa marudio ukafanyika Oktoba, na aliyeshinda kesi, Raila Odinga, akaususia.

Je, masomo haya hutolewaje? Uingereza, vyuo vikuu kama Manchester, Cardiff na Queen's Belfast vina shahada za sheria zenye siasa ndani yake, na kiasi cha kila upande hutofautiana chuo hadi chuo. India wamezoea shahada mbili kwa pamoja kwa miaka 5, mtindo uliopata sifa kupitia chuo cha taifa cha sheria cha Bengaluru, kilichoanzishwa katika miaka ya 1980, na humo sayansi ya siasa husomwa tangu mwanzo. Hapa Kenya shahada ya sheria ni ya miaka 4 na kwa kawaida husimama peke yake. Jirani zetu wa Dar es Salaam, ambao kitivo chao cha sheria kilifunguliwa mwaka 1961, walijijengea sifa ya kuifundisha sheria ndani ya historia na uchumi wa jamii bila hata kubadilisha jina la shahada. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wetu wa kwanza chini ya Katiba mpya, alisoma huko.

Mzazi anayehofu kwamba mtoto akisoma siasa atakuwa mwanasiasa, namkumbusha Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa mji huu. Baba yake, Sheikh Al-Amin, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwana akaichagua taaluma ya siasa, akaifundisha Makerere na kisha Marekani, na jina lake halikuwahi kuchapishwa kwenye karatasi ya kura.

Hadhari yangu kubwa ni hii, na naomba wazazi waishike. Ili kuwa wakili Kenya, lazima mtu awe amesoma masomo 16 ya msingi, kuanzia mikataba na jinai hadi ushahidi, amana na sheria ya kimataifa, kisha aingie Chuo cha Sheria cha Kenya na kufanya kazi chini ya wakili kwa miezi 6. Shahada ya nje hutambuliwa na Baraza la Elimu ya Sheria baada ya kulinganishwa na orodha hiyo. Shahada iliyogawanywa nusu kwa nusu yaweza kuacha masomo kadhaa nje, na kijana akarudi nyumbani kuyasoma upya kwa gharama mpya. Kwa hiyo, kabla ya kulipa karo, chukueni orodha ya kozi za chuo na kuilinganisha na ile ya Baraza, somo kwa somo. Upande wa kuingia, kiwango kilichozoeleka ni wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Nakariri: au Kiswahili, enyi mnaolidharau somo hilo.

Kijana anayetaka kujipima kabla ya kujaza fomu na aisome hukumu ile ya 2020 kuhusu reli na bandari. Hukumu za mahakama zetu hupatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na hiyo ni ndefu. Akifika mwisho akajikuta anauliza ni nani aliyebeba hasara ya miezi yote ile amri ilipokuwa ikitumika, basi aombe shahada ya sheria iliyo na siasa. Akisinzia kabla ya nusu, kuna shahada nyingine nyingi nzuri, na bado ana muda wa kubadilisha chaguo lake.