Jáchymov: mji mdogo, dola na radiamu

ASHA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo Baraka ametuletea mji wa Ucheki ambao mimi kuutamka tu nashindwa.

BARAKA: Yakhimofu, dada. Uko milimani, karibu na mpaka wa Ujerumani, na wakazi wake hawafiki 3,000. Lakini katika miaka ya 1530 walikuwa kama 18,000! Bohemia nzima, ndiyo sehemu hiyo ya Ucheki, ni Praha tu iliyouzidi.

ASHA: Walifuata nini kwenye baridi yote hiyo?

BARAKA: Madini ya fedha. Mji ulianzishwa 1516 na kabaila mmoja, Stephan Schlick. Mwaka 1520 wakapata ruhusa ya kutengeneza sarafu zao, kubwa na nzito, zikaitwa Joachimsthaler, kwa jina la mji la Kijerumani. Watu wakafupisha wakasema thaler, na humo ndimo lilimotoka jina la pesa ya dola.

ASHA: Ngoja kwanza. Na ile reale ya Maria Theresa, ambayo masonara wa kwetu Unguja na wa Oman walikuwa wakiiyeyusha kufanya vikuku?

BARAKA: Ukoo mmoja. Hiyo ilitoka Vienna, siyo Jáchymov, lakini nayo ni thaler.

ASHA: Haya, watu mashuhuri.

BARAKA: Wa kwanza kwangu ni Georgius Agricola, daktari wa mji kuanzia 1527. Alitibu wachimbaji, akawa anashuka kutazama kazi yao. Kitabu chake kikubwa cha uchimbaji kilitoka 1556, mwenyewe ameshafariki mwaka uliotangulia.

ASHA: Na fedha ilipopungua?

BARAKA: Mji ukanywea. Ila kulikuwa na jiwe jeusi zito ambalo wachimbaji wa fedha walikuwa wakilitupa. Lina urani, metali yenye mionzi. Karne ya 19 wakajenga kiwanda, wakatoa humo rangi za kupakia vioo na vyombo, mabaki wakayamwaga msituni. Sasa mwanasayansi Marie Curie yuko Paris na mumewe Pierre, wanayataka hayo mabaki. Serikali ya Austria, iliyotawala huko wakati huo, ikawapa tani nzima bure, wao walipie usafiri tu.

ASHA: Takataka!

BARAKA: Magunia yamefika yana majani ya misonobari ndani. Mwaka 1898 walishatangaza elementi mbili mpya zenye mionzi, poloniamu na radiamu, lakini watu walitaka kuiona radiamu yenyewe. Marie akachemsha na kukoroga mpaka 1902, akapata kama sehemu ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu.

ASHA: Kutoka tani nzima? Mimi ningeacha siku ya pili.

BARAKA: Basi mji ukatajirika tena kwa radiamu, mpaka Wabelgiji walipoanza kutumia mawe ya Shinkolobwe, Katanga, miaka ya 1920. Ya Kongo yalikuwa na urani nyingi mno, bei ya radiamu ikaporomoka.

ASHA: Shinkolobwe hiyohiyo ya bomu la Hiroshima?

BARAKA: Hiyohiyo. Na Jáchymov nayo ikaingia kwenye mabomu, ya Wasovieti. Kuanzia 1949 wakomunisti walijaza wafungwa wa kisiasa migodini. Bohumil Modrý, golikipa wa timu ya taifa ya hoki ya barafu, bingwa wa dunia 1947 na 1949, alihukumiwa miaka 15.

ASHA: Kwa kosa gani?

BARAKA: Timu ilizuiwa kusafiri kwenda London kutetea ubingwa, 1950. Wachezaji wakakaa baa wakaitukana serikali, wakakamatwa. Wakashtakiwa uhaini. Modrý akachimba urani, akaachiwa 1955, akafariki 1963 akiwa na miaka 46.

ASHA: Maneno ya baa tu, jamani. Na leo watu wanaishi na nini?

BARAKA: Maji. Mgodi wa Svornost, wa tangu enzi za fedha, bado unafanya kazi. Wanapampu maji yenye radoni, gesi ya mionzi, kutoka kama mita 500 chini, wagonjwa wa viungo wanaogeshwa. Biashara hiyo ilianza 1906.

ASHA: Wanalipa kuoga mionzi?

BARAKA: Kwa cheti cha daktari, dakika 20. Goti lako je?

ASHA: Goti langu liache na mafuta ya karafuu.