Kitonga Haishukwi kwa Frii

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo? Asante kwa kiti, ila nitasimama, maana nikikaa nasinzia. Mwenyekiti kanipa nusu saa, na kwenye karatasi hii kaniandikia mambo saba ya pikipiki: breki, tairi, cheni, oili, taa, helmeti, mizigo. Wanaonijua naona wameshaanza kucheka. Wanajua sitafika la tatu.

Basi nianze na breki, na kwenye breki nianze na swali. Nani hapa, akifika juu ya mteremko mrefu, anaweka frii, yaani anatoa gia pikipiki ijiendee yenyewe? Nyoosheni mikono, hakuna trafiki humu. Wanne. Haya, na wangapi wanaogopa kunyoosha? Hapo sasa tunazungumza.

Desemba inakuja. Mtu mwenye pikipiki yake ya cc 125 au 150, ambayo mwaka mzima inakwenda kazini na sokoni, anaifunga begi nyuma anakwenda kuwaona wazazi Iringa, Njombe, Lushoto. Pikipiki ile ile, mazoea yale yale. Kinachobadilika ni mlima. Mjini hakuna mteremko wa kukupa dakika kumi mfululizo ukiwa umekanyaga breki. Kitonga, ule mlima wa barabara ya Iringa kwenda Morogoro, upo.

Nawasimulia yangu, na waliokwisha kuisikia wavumilie. Mwaka 2011, mwezi huo huo wa Desemba, natoka Mafinga narudi Morogoro. Nyuma nimempakia shemeji yangu, mtu mzima wa kilo zake, kashika kikapu chenye kuku wawili, na kwenye keria kuna nusu gunia la viazi. Tumepita Ilula, tukafika pale mlima unapoanza kushuka. Nikafanya nilichofanya miaka yote: nikazima injini, nikaweka frii. Kimya. Upepo tu. Nikamwambia shemeji, "Umeona? Tunakwenda bure."

Kona ya kwanza nikagusa breki, safi. Ya pili safi. Mguu wangu ukabaki juu ya pedeli, si kukanyaga sana, kuigusa gusa tu. Baada ya muda nasikia harufu. Kitonga harufu ya breki ni kawaida, malori ya Tunduma yanashuka pale na mizigo ya Zambia na Kongo, kwa hiyo nikasema hiyo ni ya lori. Na kweli lori lilikuwepo, mbele yetu, linashuka kwa gia nzito, linatambaa. Nikakanyaga. Pedeli ikaenda chini kama nimekanyaga godoro. Nikabana ya mkono, nayo drami, lile bakuli la chuma ambalo breki shuu hulibana kwa ndani, na yenyewe nilikuwa nimeshaichosha. Nikakumbuka gia. Sasa jaribu kuingiza gia, injini imezima, pikipiki iko kwenye hamsini, shemeji amekushika kiuno kama mtoto wa nyani! Gia ilipoingia nikaachia klachi kwa pupa, tairi la nyuma likalia, tukayumba, tukaingia upande wa ukuta wa mlima, kwenye mtaro. Namshukuru Mungu ukuta ulikuwa upande wetu na korongo upande wa pili. Mimi goti, shemeji kiwiko, kuku mmoja alikufa. Viazi tuliokota.

Hapo ndipo mnaposikia na kucheka, sawa. Ila kisa chenyewe kinaanza baada ya hapo. Tulikaa pale kama saa nzima, nikatoa chupa ya maji, nikadondoshea tone moja kwenye drami ya nyuma. Likalia chwaaa, kama kitumbua kinapoingia kwenye mafuta. (Tone moja nimesema. Msiimwagie maji drami ya moto, chuma kinaweza kupasuka.) Tukateremka polepole na gia mpaka chini, nikamtafuta fundi. Akafungua gurudumu, akaangalia breki shuu, akakanyaga pedeli mara tatu, akaniambia, "Bwana mkubwa, breki yako nzima." Na ilikuwa nzima! Imepoa, imerudi.

Hilo ndilo linaloniudhi miaka yote hii. Breki iliyoshiba joto mara nyingi haiachi ushahidi. Drami ikipata moto inatanuka, inakimbia breki shuu, ndiyo maana pedeli inazama. Na ule utando wa breki shuu ukichemka unateleza badala ya kung'ang'ania. Ikipoa, kila kitu mahali pake. Kwa hiyo kwenye msiba watu wanasema breki zilikatika, au amerogwa, au bahati mbaya. Hakuna anayeuliza pikipiki ilikuwa gia ya ngapi.

Niliwahi kupiga hesabu na mwalimu mmoja wa fizikia. Pikipiki, watu wawili na mzigo, tuseme kilo 270. Iteremke mita 500 kwenda chini, si urefu wa barabara, kimo. Ukiwa kwenye frii, karibu nguvu yote hiyo inatakiwa iliwe na breki, na upepo kidogo. Joto lake linatosha kuchemsha lita nne za maji. Lita nne, sufuria ya chai ya msiba! Na wewe unataka kuzichemshia kwenye kidude cha nyuma ambacho upana wake ni kama kisosi. Ukiwa na gia, injini inabeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, na injini imetengenezwa kuvumilia joto, ina mapezi ya kuipoza, ina oili inayozunguka.

Namwona kijana pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: petroli. Haya tupige hesabu nyingine. Pikipiki nzima ya 150 tuseme inakwenda kilomita 40 kwa lita. Mteremko tuupe kilomita 10. Hata frii ingekuokolea petroli yote, ni robo lita. Lita tuiite shilingi 3,000. Umeokoa 750. Tena hujaokoa hizo, kwa sababu ukiwa ndani ya gia na umeachia resi, kabureta inapitisha kidogo sana. Na hizi mpya za injekta, zisizo na kabureta, ukiachia resi ukiwa na gia, zinakata petroli kabisa. Ukiweka frii bila kuzima, zinaanza kunywa tena ili injini isife. Mwenye injekta anayeshuka frii anachoma petroli ili ajitafutie ajali.

Wa pili atasema, "Fundi, injini inalia, itakufa." Inalia, ndiyo. Na wakati wa kupanda haikulia? Mbona hukuihurumia? Hapa nikiri jambo moja, mzee mmoja alinikumbusha mwaka jana na alikuwa na haki. Zile pikipiki za zamani za kuchanganya oili na petroli, Yamaha za kale, Vespa, injini ilipata oili kupitia petroli. Ukishuka mlima mrefu umefunga resi, petroli haiji, na oili haiji. Wazee wakawa wanaogopa kushuka na gia, na sababu walikuwa nayo. Nadhani nusu ya tabia hii tumeirithi kwao. Lakini yako wewe si ya kuchanganya. Oili yako iko chini, pampu inaisukuma maadamu injini inazunguka. Ukizima na kuweka frii ndipo pampu inaposimama, huku cheni inaendelea kuzungusha shafti ya gia.

Wenzetu Kenya wanajua jina la Salgaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Malori yalikuwa yanashuka pale frii ili kuiba dizeli kidogo. Waulizeni wamezika wangapi.

Basi kinachotakiwa ni hiki, na ni chepesi hata aibu. Kabla mteremko haujaanza, narudia, kabla, punguza mwendo na shusha gia. Gia ambayo ungetumia kuupanda mlima ule, ndiyo ya kuushukia. Achia resi. Kama mwendo unazidi kupanda na resi umefunga, gia bado kubwa, shusha nyingine. Shusha moja moja. Ukiwa kwenye sitini ukaitupa gia ya kwanza, tairi la nyuma litakwama na utanikumbuka ukiwa hewani. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo, punguza, kisha achia kabisa ipoe. Usiibembeleze mlima mzima kama mimi na shemeji. Na kushika klachi mteremko mzima ni frii ile ile, umebadilisha jina tu.

Wenye breki za disiki, zile za sahani inayobanwa na pedi, msijione mmepona. Maji ya breki yanafyonza unyevu wa hewa. DOT 4, aina moja ya maji hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishafyonza unyevu, inaweza kushuka mpaka 155. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke haukamui pedi. Badilisha kila miaka miwili. Najua hakuna aliyebadilisha.

Muda? Dakika tano. Nilisema mimi.

Haraka haraka. Tairi: ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikwambia ni mpya, msomee. Oili: iwe ya pikipiki, imeandikwa JASO MA, kwa sababu klachi yako inaogelea humo humo, baadhi ya oili za magari zinaitelezesha klachi halafu unamlaumu fundi. Mikumi: mnapita katikati ya hifadhi, kilomita kama 50, vibao vinasema 70. Piteni mchana, twiga hana taa. Helmeti: isiyofungwa kamba ni kofia, tafiti zilizokusanywa zinasema helmeti inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa 69, lakini ikiwa kichwani, si kwenye kiwiko. Mizigo... mizigo tutaongea mwakani. Viazi pitisheni kwenye basi.

Cheni sitaizungumzia, nitaionyesha. Mwenye ile pikipiki nyekundu chini ya mwembe ni nani? Wewe? Ilete hapa, mwanangu, weka stendi ya kati. Tangu asubuhi naiangalia. Cheni inatakiwa icheze sentimita mbili mpaka tatu, yako inalamba swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Nani ana spana ya 17?