Tuzo ya mazingira ianzie chumba cha kompresa

Ndugu mwenyekiti, wenye viwanda na maduka, mafundi mliofika, nanyi mnaokaa kwenye kamati za tuzo, habari za mchana.

Tuzo za mazingira kwa makampuni zina picha yake tunayoijua sote: paneli za sola juu ya paa, mkurugenzi kavaa kofia ngumu, miche imepangwa mstari. Sina ugomvi na sola. Ila kwa Kenya, ambako karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi hutoka kwenye jotoardhi, maji, upepo na jua, paneli hizo hupunguza bili kuliko zinavyopunguza kaboni. Uchafuzi mkubwa wa kampuni hiyohiyo huenda unatokea mahali asipopelekwa mpiga picha, kwenye kompresa, pampu inayosukuma gesi ya kupozea, nyuma ya chumba baridi cha samaki, maua au maziwa.

Tupige hesabu. Vyumba baridi vingi vinatumia gesi ya kupozea iitwayo R-404A. Kilo moja ikivuja, kwa kipimo cha miaka 100, inaongeza joto duniani sawa na kilo 3,922 za kaboni dayoksaidi. Mtungi wa kawaida dukani una kilo 10.9. Ukipotea wote hewani, hizo ni tani 42 na ushee. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi, kwa hiyo mtungi mmoja, ambao fundi anaubeba kwa mkono mmoja, ni sawa na kuchoma lita zaidi ya 15,000 za dizeli. Nani amewahi kupewa tuzo kwa kuziba nati iliyolegea?

Habari njema kwa majaji ni kwamba hapa ni vigumu kudanganya. Gesi ya kupozea haitumiki ikaisha kama petroli, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kama hakuna mtambo mpya uliofungwa, kila kilo iliyonunuliwa mwaka huu imeziba pengo la kilo iliyovuja. Basi achaneni na kijitabu chenye picha za majani. Ombeni vitu viwili: risiti za gesi za miaka mitatu, na daftari la matengenezo linaloonyesha kila mtambo una kilo ngapi. Gawanya kilichonunuliwa kwa uwezo wa mitambo yote. Kampuni iliyotoka asilimia 30 kwa mwaka ikafika 8 imefanya kazi ya kiongozi, hata kama paa lake ni bati tupu. Na risiti zisainiwe na mhasibu. Afisa mawasiliano ataleta picha.

Kinachoharibu mambo ni mazoea. Friji haipozi, fundi anaitwa, anaongeza gesi, analipwa, anaondoka. Baada ya miezi miwili anaitwa tena. Tundu halijatafutwa kwa sababu mteja halipii kutafuta, analipia baridi. Kazi sahihi ni kuvuta gesi iliyobaki kwa mashine na kuiweka kwenye mtungi wake, kujaza naitrojeni kavu kwa presha, kupaka povu la sabuni kwenye maungio, kuchomelea palipovuja, kisha kunyonya hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu hadi chini ya maikroni 500, kipimo cha utupu ndani ya bomba. Pampu ikizimwa, geji isimame. Ikipanda mfululizo, bado kuna tundu, au kuna maji ndani. Ndipo gesi inapimwa kwa mizani, si kwa kukadiria kwa kugusa bomba. Kazi hii inakula nusu siku au zaidi, na kiongozi wa kweli ni yule anayekubali kuilipia.

Sasa niseme kwa nini sikati tamaa, na sisemi kwa kujifariji. Sekta hii imewahi kugeuka. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za CFC, zilizotumika kupozea wakati huo, zinaweza kumomonyoa tabaka la ozoni. DuPont, mtengenezaji mkubwa kuliko wote, alipinga kwa miaka. Mwaka 1986 akakubali kuwepo mipaka ya kimataifa, 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda ozoni, ikasainiwa, na 1988 akatangaza kuacha kabisa kuzitengeneza. Tathmini ya wanasayansi ya 2022 inakadiria kwamba ozoni itarudi kwenye hali ya 1980 ifikapo 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia, na karibu 2066 juu ya Antaktika.

Sifa zaidi, kwa maoni yangu, inawastahili Foron, kiwanda cha majokofu cha mashariki mwa Ujerumani. Mwaka 1993, kwa ushirikiano na Greenpeace, kiliingiza sokoni jokofu linalotumia mchanganyiko wa propani na isobutani, gesi zinazowaka, huku makampuni makubwa yakionya kwamba litalipuka. Muda si muda na wao wakafuata. Foron yenyewe ilifilisika 1996. Tazameni kibandiko nyuma ya jokofu jipya nyumbani: mara nyingi mtakuta R600a, yaani isobutani, na gesi yake kwa kawaida haizidi gramu 150. Kamati za tuzo zikumbuke hilo, kwa kuwa anayetangulia huenda asiwe na fedha za kudhamini hafla.

CFC zilipoondoka, gesi za kundi la HFC, kama hii R-404A, zilishika nafasi. Haziharibu ozoni, ila zinapasha dunia joto. Ndiyo sababu ya Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki ya Montreal. Tanzania, Kenya na nchi nyingi zinazoendelea zimepangiwa kutoongeza matumizi ya HFC kuanzia 2024, kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029, 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040 na 80 mwaka 2045.

Mbadala upo, na kila mmoja una masharti. Propani inafaa friji za duka, lakini inawaka, na kuimimina kwenye mtambo wa zamani uliotengenezewa R-22, gesi isiyowaka kirahisi, ni kutega moto. Amonia inafaa viwanda vikubwa vya samaki. Haipashi dunia joto, ila ni sumu, inahitaji vihisi, feni za kutolea hewa na watu waliofunzwa. Kaboni dayoksaidi yenyewe hupoza vizuri, lakini juu ya nyuzi 31 haigeuki tena kuwa kimiminika, hivyo kwa joto la Dar es Salaam mtambo lazima uhimili presha kubwa sana, na hiyo ni gharama.

Mnaoagiza vyumba baridi mwaka huu, hesabuni umri wa mtambo. Ukidumu miaka 15 hadi 20, utavuka ngazi ya 2035 na ile ya 2040. Ulaya walishaonja: mgao wa HFC ulipokatwa, bei ya R-404A ilipanda mara kadhaa kati ya 2017 na 2018, na wenye mitambo inayovuja ndio waliolipa zaidi. Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulizeni muuzaji ni gesi gani, kilo ngapi, na nani ataivuta mtambo utakapochoka.