Gesi ya AC haiishi jamani

Asanteni, kaeni. Mwenyekiti ameniomba leo nisianze na gesi. Naanza na gesi.

Hivi friji yako, ile uliyonunua mtoto yuko chekechea na sasa yuko kidato cha pili, ulishawahi kuita fundi aijaze gesi kila Desemba? Hujawahi. Mbona AC mnaijaza kila mwaka? AC na friji ni tumbo moja. Gesi inazunguka kwenye mabomba ya shaba, inatoka mashine ya nje inaingia ya ndani inarudi, haiungui kama ya jikoni. Ikipungua imevuja, na kama imevuja kuna tundu, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu anajaza ndoo iliyotoboka halafu anakuachia namba yake ya simu kwa ajili ya mwakani.

Kuna dada mmoja wa Mikocheni, hapa Dar, alinipigia Februari, lile joto la kufa mtu. Fundi, AC inamwaga maji kitandani, chumba hakipoi, na gesi nimejaza miaka mitatu mfululizo. Nikaenda, nikafungua kifuniko cha mbele, spana sijashika. Filta, lile chujio la hewa, haionekani! Kuna blanketi. Vumbi la barabara, nywele, manyoya ya paka, vimeshikana ukibandua linatoka shuka zima. Nyuma yake koili, yale mabomba yanayopoza hewa, imeganda barafu kama friza ya muuza samaki. Sikilizeni sasa maana hapa ndo mnapoliwa hela: hewa ya chumbani isipopita, koili haipati joto la kuchukua, inazidi kuwa baridi, unyevu unaganda juu yake, ukizima barafu inayeyuka maji yanafurika yanakuangukia wewe. Fundi wa haraka akiona barafu, "gesi hiyo". Gesi ikipungua nayo inagandisha, sikatai, ila filta kuitazama ni bure!

Nikawasha feni tupu barafu iyeyuke, filta nikaiosha kwenye karo kwa sabuni ya vyombo, nikaianika kivulini. Nafunga geji, presha iko juu, wamemzidishia gesi. Kompresa ya watu, ile pampu ya kusukuma gesi, inabebeshwa mzigo siyo wake. Na hizi gesi za AC, R410A na R32, zinajazwa kwa mizani, gramu zimeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, siyo kushika bomba unasema "eeh hapo imekaa".

Mzee wangu pale anatikisa kichwa. Najua, yako ilijazwa ikapoa. Itapoa mzee. Hata tairi la pancha ukilijaza upepo unafika kazini, kurudi je? Mwambie fundi apake povu la sabuni kwenye maungio, pale kwenye nati, penye tundu patatoa mapovu penyewe, na mara nyingi utakuta pana mafutamafuta.

Haya, naonyeshwa saa. Kiangazi filta kila wiki mbili, anayekaa barabara ya vumbi kila wiki. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, mnazima mnasahau kabisa, mjusi anahamia mashine ya nje, siku ya kuwasha pa! mjusi kafa, bodi ya umeme nayo imekufa. Iwasheni hata robo saa kwa wiki. Servisi kubwa fanyeni Septemba au Oktoba, kaskazi haijaanza kuvuma, siyo Januari mnatupigia mji mzima siku moja halafu mnasema mafundi wanaringa. Wa Msasani na Kigamboni huko ufukweni, chumvi inakula mapezi, vile vibati vyembamba vya alumini vya mashine ya nje, imwagieni maji ya bomba kila mwezi, zima swichi kuu kwanza, na siyo ile mashine ya kuoshea magari, italaza mapezi yote. Umeme ukikatika ukarudi, subiri dakika 3 mpaka 5 ndo uwashe. Na ile picha ya jua kwenye rimoti ni ya kupasha joto, ya wenzetu wa nchi za baridi, haimaanishi leo kuna jua, nimeshaitwa mpaka Ubungo kwa kitufe hicho.

Mengine nilitaka kuyasema, basi, gesi imekula muda.

Maswali? Ndiyo, dada wa nyuma pale. Haipoi? Ngoja kwanza, filta umeifungua?