Uani Mmoja, Mita Kumi na Mbili
Mhadhara kwa mafundi na vikundi vya ujenzi, Tabora

Habari za mchana, mabibi na mabwana. Mada ni nyumba za ujirani: kaya kumi au ishirini kwenye kiwanja kimoja, kila moja na mlango wake, choo chake na jiko lake, ila uani, ukumbi na tangi la maji ni vya wote. Denmark walikamilisha mtaa wao wa kwanza wa namna hii, Sættedammen, mwaka 1972. Lakini watu wa Tabora hawahitaji kufundishwa uani. Tembe, nyumba yetu ya jadi ya paa la udongo, lilikuwa nao, na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita inao mpaka leo. Kinachogombanisha wapangaji wa vyumba sita ni LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Mwenye friji na mwenye taa moja wanachanga sawa, na kila uniti zikiisha maneno yanaanza upya. Kwa hiyo leo nashikilia jambo moja: changieni nafasi, msichangie bili.

Tuchukue kiwanja cha mita 40 kwa 60, kaya 12. Safu mbili za nyumba sita sita zinatazamana, kila nyumba upana mita 6 na kina mita 9. Safu zilale mashariki kwenda magharibi, jua la asubuhi na la jioni lipige kuta za mwisho zisizo na madirisha. Katikati, kutoka baraza hadi baraza, mita 12. Kwa nini 12? Ikizidi 25 hivi huutambui uso wa mtu, basi humsalimii. Ikiwa chini ya 8, unasikia kila jirani anachomwambia mkewe, na dirisha lako halifunguliwi tena.

Baraza liwe na kina cha mita 1.8 au zaidi. Naona fundi mmoja anatikisa kichwa. Najua, mmezoea mita 1 ili kuokoa bati. Baraza la mita 1 ni njia ya kupita tu: tandika mkeka, mtu akinyoosha miguu, mlango umezibwa. Dirisha la jiko litazame uani, kingo yake ya chini iwe sentimita 110 kutoka sakafuni. Anayepika anaona watoto, anayepita haoni sufuria.

Nyuma ya kila nyumba acheni mita 3 za kaya yenyewe, zenye ukuta wa mita 1.8. Hapa ndipo michoro ya kuiga kutoka nje hukwama. Katika nyumba ya Kiswahili mgeni huishia barazani, uani ni wa wenyewe. Ukiufanya uani kuwa mapito ya kaya 12, mama ataanika wapi nguo za ndani? Msipompa pahali atajitengenezea mwenyewe, na mwaka haujaisha uani umejaa mapazia na vipande vya bati.

Geti liwe moja, bodaboda na magari yaishie hapo. Ukumbi uwe kando ya geti, kila mtu aupitie akirudi nyumbani. Ukiuweka mwisho wa kiwanja utageuka stoo ya saruji. Denmark hupika pamoja kwa zamu. Sisi tusilazimishane: jiko la ukumbi ni la futari, Iddi, Krismasi na msiba. Na kwa ajili ya msiba na harusi, acheni mita 12 kwa 15 za uani bila mti wala nguzo, turubai lisimame. Mwembe upandwe pembeni, mita 10 kutoka paa na tangi, maana majani yake huziba gata na mizizi hutafuta maji.

Sasa mita. Umeme, kila nyumba iwe na LUKU yake, na ukumbi nao uwe na yake. Maji, mita kuu getini na mita ndogo kila nyumba, zote zisomwe siku moja. Jumla ya mita ndogo ikiwa chini ya mita kuu kwa zaidi ya asilimia 10, fungeni koki zote usiku na mwangalie mita kuu. Ikizunguka, huenda bomba linavuja ardhini. Isipozunguka, huenda kuna mtu amejiunganishia kabla ya mita yake ndogo, au mita ndogo hazisomi sawasawa.

Maji ya mvua ni ya kunywa na kupikia tu. Tabora hupata takriban milimita 900 kwa mwaka, na paa la safu moja ni mita za mraba 360. Ukitoa asilimia 20 inayopotea, ni lita 259,000. Maji ni mengi. Tatizo ni kiangazi, Mei hadi Oktoba. Watu 60, lita 7 kila mmoja, siku 180: lita 75,600. Basi matangi mawili ya lita 40,000, moja kila safu, ya wavu na saruji. Plasta iloweshwe siku 14. Hapa ndipo hupasuka: fundi amelipwa, ameondoka, hakuna wa kumwagia. Mtu wa kumwagia maji aandikwe kwenye mkataba.

Majitaka: kwa watu 60 karo la mita za ujazo 17 linatosha kunyonywa kila miaka mitatu. Liwekwe upande wa geti, kwa sababu gari la kunyonya linahitaji njia ya mita 3.5. Wengi hukumbuka hili karo likishafurika.

Umiliki: ipo sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, huku maeneo ya pamoja yakisimamiwa na umoja wa wamiliki. Mwoneni mwanasheria kabla ya kuchimba msingi.

Nina karatasi ya swali: je, tofali za kuchoma? Kuni za kuzichomea zinakula misitu yetu ya miombo. Tumieni tofali za udongo na saruji za kufungamana. Kwanza pimeni udongo wenyewe: jazeni udongo mbichi kwenye kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, ukauke siku saba. Ukisinyaa zaidi ya sentimita 5, ongezeni mchanga mpime tena. Udongo mweusi wa mbugani msiuguse kabisa.