“Si Ujiandikishe Tu Mmaori?” Leo Nawajibu

Haya jamani, leo sitembei mjini wala sokoni, nimekaa kujibu swali moja maana komenti zimezidi. “Dada, huko Nyuzilandi si ujiandikishe tu Mmaori, uache kuhangaika na viza? Rangi si unayo?” Sijaja kujidai, wala kulia shida. Ila hili linanikera, acha niliseme.

Wamaori ni wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, na Umaori hauangaliwi kwa rangi. Kuna kaka nafanya naye kazi hapa Hamilton, mweupe, nywele nyekundu, na ni Mmaori. Siku ya kujitambulisha alisimama akataja mlima wao, Taupiri, akataja mto Waikato, akataja mtumbwi wa mababu zao, Tainui, kisha watu wake. Jina lake lilikuja mwisho kabisa. Hakutamka “mimi ni Mmaori” hata mara moja. Wao hujitambulisha kwa iwi, yaani kabila: Waikato, Ngāpuhi, Ngāti Porou. Neno Maori kwa lugha yao lilikuwa “kawaida” tu, likaja kuwa jina la wote baada ya Wazungu kufika.

Fomu ya kujiandikisha kupiga kura (ndiyo, mkaazi wa kudumu anapiga kura hapa akishakaa mwaka) inauliza kama umetokana na Wamaori. Kama ndiyo, unachagua daftari la kawaida au lao, maana wana viti vyao bungeni tangu sheria ya 1867. Mimi babu yangu ni wa Tanga. Mlitaka nijaze nini?

Viza nimeitolea jasho: ada, vipimo vya afya, cheti cha tabia njema kilichokaa ofisini hadi nikakonda, na wakala aliyekula hela yangu akazima simu. Hela ya mkopo ile, mama anajua.

Halafu mnaandika eti Wamaori wanapewa pesa za bure. Watu wa Waikato walinyang’anywa na serikali zaidi ya ekari milioni moja miaka ya 1860. Mwaka 1995 ndipo wakaombwa radhi, kwa sheria aliyoitia saini Malkia Elizabeth II mwenyewe, na fidia ya dola za Nyuzilandi milioni 170, pesa na ardhi. Gawanyeni kwa ekari, muone.

Ya viza ni yangu mimi, kila mtu na faili lake, kasome masharti yanayokuhusu. Lakini atakayeniandikia tena nijaze Umaori, komenti yake naifuta.